Deni la Theluji

Mtu aliyezaliwa Tanga, akalelewa katika nyumba ambayo madirisha yake yalitazama bahari, hujifunza tangu utotoni kuipokea kaskazi kama mgeni ajaye kwa miadi: huingia mwisho wa mwaka, huleta joto na embe, zamani ikileta na majahazi ya Arabuni, na masika yakikaribia huaga kwa adabu ikaipisha kusi. Kwa hiyo sina budi kukiri kwamba jirani yangu wa Minneapolis aliponiambia, kwa sauti ya upole kama ya mtu atoaye rambirambi, kuwa usiku ule upepo ungegeuka na kuvuma kutoka kaskazini, moyo wangu ulifurahi. Nililala nimeliacha dirisha wazi kiasi cha vidole viwili, ili nipate kumlaki sahibu yangu wa zamani. Alfajiri, bilauri ya maji iliyokuwa dirishani ilikuwa imeshika utando wa barafu, na mke wangu, aliyekuwa amejifunika mablanketi matatu na juu yake msala, aliniuliza kama nilikuwa na nia ya kumwua kwa siri au kwa dhahiri.

Lugha yetu haina lawama katika jambo hili. Imetupa theluji, neno tulilolipokea kwa Waarabu, na barafu, ambalo asili yake ni kwa Waajemi. Na wazee wetu waliosafiri bara waliitazama ile ya Kilimanjaro kwa mbali, ikawatosha. Bali kipupwe, jina la baridi yetu ya Juni na Julai, ile ambayo mzee huitibu kwa shuka la pili na kikombe cha tangawizi, ni kanzu ya mtoto mchanga ukitaka kuyavika majira ya baridi ya Minnesota, jimbo ambalo tarehe 2 Februari 1996, katika kimji kiitwacho Tower, kipimo kilishuka hata kikafika digrii 51 chini ya sifuri.

Fauka ya hayo, Wamarekani hawaipimi hewa kwa mizani ya walimwengu wengine. Wameshikamana na ile ya Bwana Fahrenheit, ya mwaka 1724, ambayo kwayo maji huganda yafikapo 32. Na mimi, katika juma langu la kwanza, niliisikia redio ikitangaza ishirini. Ishirini! Nikaikumbuka Lushoto asubuhi, nikavaa shati la mikono mirefu na koti la harusi, nikatoka kwenda kununua maziwa, nikishangaa kwa nini watu niliokutana nao njiani walikuwa wamejifunga nyuso kama wanyang'anyi. Ishirini yao ni saba chini ya sifuri yetu. Nilirudi nyumbani nimeyapapasa masikio yangu mara nne njiani, si kwa kuwa yaliniuma, bali kwa kuwa yalikuwa yameacha kuniuma na nilitaka kuhakikisha kuwa yapo. Baadaye mtu mmoja mwenye elimu alinifahamisha kwamba mizani hizo mbili hukutana na kutamka neno moja mahali pamoja tu, penye arobaini chini ya sifuri. Nikastaajabu kwamba watu hawa hawakubaliani nasi ila mautini.

Lakini nilikusudia kumsimulia jirani, wala si hali ya hewa, ingawa katika nchi ile ni shida kuvitenganisha viwili hivyo.

Jirani yangu ni mzee wa kizazi cha Wanorwe waliohamia huko enzi za babu zake, mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana kama makasia, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi ya reli. Mimi humwita Mzee. Na nilipomweleza kwamba kwetu neno hilo ni taji wala si tusi, alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Anaipenda timu ya Minnesota Vikings, wachezaji wa mpira wa Kimarekani wavaao zambarau, kwa mapenzi ambayo sijayaona kwa mtu mzima tangu nilipoondoka Tanga. Na pamoja na mapenzi hayo yote, kila akiwekeana dau na mtu, huweka dau lake juu ya wapinzani.

Nilipolifahamu jambo hilo nilidhani sikusikia vizuri. Kwetu mtu wa Coastal Union akiubashiri ushindi wa African Sports, hata kwa mzaha wa baraza la kahawa, humpasa kutafuta baraza jingine. Na huko Dar es Salaam shabiki wa Simba au wa Yanga yu radhi anyolewe upara hadharani, au amsukume mwenziwe kwa toroli mtaa kwa mtaa watoto wakimzomea, kuliko kulitoa kinywani neno la kuwatakia mema watani wake. Huo ndio mzaha wetu, nao una heshima yake: mtu hushindwa pamoja na timu yake. Kumbe Mzee alikuwa na falsafa nyingine, aliyonifunulia jioni moja jikoni kwake, huku akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Wakishinda," alisema, "mimi nimefurahi, na furaha ina gharama yake, nitailipa. Wakishindwa, angalau yupo mtu atakayenisafishia njia. Hiyo si kamari, rafiki yangu. Hiyo ni bima."

Kisha akanitajia maafa ya timu yake kwa tarehe, kama mtu asomaye nasaba ya ukoo. Mara nne walifika fainali kuu, mwaka 1970, 1974, 1975 na 1977, na mara zote nne walirudi mikono mitupu. Tarehe 17 Januari 1999, wakiwa wamepoteza mechi moja tu katika kumi na sita za msimu, walikuwa na mpigaji aitwaye Gary Anderson ambaye msimu mzima hakukosa hata mkwaju mmoja. Akapewa mkwaju wa yadi 38 ambao ungelimaliza shauri, akaupeleka kushoto. Tarehe 10 Januari 2016, katika baridi ya digrii 21 chini ya sifuri, zikiwa zimebaki sekunde 22 na timu iko nyuma kwa alama moja, Blair Walsh akapewa wa yadi 27, umbali ambao hata mjomba wangu mwenye baridi yabisi angeliujaribu. Akaupeleka kushoto vilevile. Mzee alikuwapo uwanjani siku hiyo, amevaa soksi jozi tatu. Alinionyesha kwa kidole upande wa kushoto, juu ya jokofu, nami nikageuka nikatazama, kana kwamba mpira ulikuwa ungali unapita.

Basi mwezi wa Januari 2018, timu hiyo ilipoingia katika mechi za mtoano ikiwa na sifa njema, na fainali ya mwaka huo imepangwa kuchezwa Minneapolis penyewe, katika uwanja wa Vikings wenyewe, Mzee akanijia akitafuta mtu wa kuweka bima naye. Watu wa mtaa walikwisha mfahamu, wakamkimbia. Nikabaki mimi.

Nilikuwa na tashwishi ya dini, wala siifichi. Baada ya sala ya isha nilimwendea maalim mmoja katika msikiti wa mtaa wa Cedar-Riverside, wenye jamaa wengi wa Kisomali na sisi wachache wa pwani, nikamweleza kadhia yangu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimkumbusha kwamba wanazuoni wameruhusu zawadi katika mashindano ya farasi, ya ngamia na ya kulenga mishale, nikaongeza kwamba mpira wa Kimarekani hurushwa mbali kwa mkono, tena kwa kulenga, na kwa kuwa umechongoka huku na huku, mtu mwenye insafu angeuhesabu kuwa ni aina ya mshale mnene. Maalim alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo ni dalili mbaya kwa maalim. Akaniuliza dau lenyewe ni nini. Nikamwambia ni theluji; mwenye kushindwa humwondolea mwenziwe barafu na theluji mlangoni, wala hakuna senti inayotoka mfukoni; na theluji si mali, hapana aliyepata kuinunua wala kuirithi. Akasema kwamba kazi ya mikono ni mali. Kisha, aliponiona nimenyong'onyea, akanihurumia: "Ukipenda kumsafishia jirani yako njia, msafishie. Iwe hisani, isiwe deni." Nikarudi nyumbani nikamweleza Mzee kwamba mapatano yetu ni ya hisani, ila yatategemea matokeo. Mzee akasema hata bima yake ya gari imeandikwa hivyo hivyo.

(Sheria ya dola nayo haikuwa mbali na maalim. Majira hayo dau la michezo lilikuwa bado haramu karibu katika majimbo yote ya Marekani, hata ilipofika Mei ya mwaka ule ule Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaibatilisha sheria iliyolizuia. Vijana wa kwetu, ambao hubashiri mechi kumi kwa mpigo katika simu zao na kuuita ubashiri huo mkeka, na kila Jumatatu hulalamika kuwa mkeka umechanika, wangetucheka wazee wawili tuliowekeana dau la beleshi.)

Mke wangu alilipinga jambo hili kwa hoja ambayo sikuipatia jibu wakati ule, na hata sasa ninaitafutia. "Baba watoto," alisema, "mpira wenyewe una umbo la papai. Hujui unaanzia wapi wala unaishia wapi. Unamwekea mtu dau juu ya papai?"

Jumapili ya tarehe 14 tulikaa sebuleni kwa Mzee, sisi wawili na wake zetu wawili, na sahani ya sambusa katikati. Wapinzani walikuwa New Orleans Saints. Dau la siku hiyo lilikuwa dogo: mwenye kushindwa ataibandua barafu iliyogandamana katika ngazi za mwenziwe, barafu kongwe ya tangu Desemba, ngumu na nyeusi kama sakafu ya lami. Ilipofika mapumziko Vikings walikuwa mbele kwa 17 kwa sifuri, nami nikaanza kumtazama Mzee kwa huruma ile ya mtu ambaye hajawahi kuumwa na jino. Mzee alikuwa akila sambusa bila kusema neno. Mara wale wa New Orleans wakaamka. Wakapata, wakapata tena, na zilipobaki sekunde 25 wakaongoza kwa 24 kwa 23. Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa kidogo, kama abiria aliyekwisha kuisikia hodi ya kituo chake.

Hapa ndipo malezi mema yaliponiponza. Mimi nililelewa na bibi aliyeamini kwamba muungwana hulipa kabla hajadaiwa. Basi zilipobaki sekunde kumi, na mpira ungali mbali kabisa na lango, niliona ni fedheha kukaa nikingoja kuambiwa. Nikasimama, nikavaa buti, nikaushika mtaimbo uliokuwa umeegemezwa nyuma ya mlango, nikatoka nje kimya kimya kwenda kulipa. Nilikuwa nimeipiga barafu ya ngazi ya chini mara mbili, labda tatu, niliposikia kutoka ndani ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwa mzee wa Kinorwe wala kwa mwanadamu mwingine wa umri ule. Nikajua moyo umesimama. Niliutupa mtaimbo nikaruka ngazi mbili kwa pamoja kwenda kumwokoa, na kwa kuwa ngazi ya pili ndiyo niliyokuwa sijaigusa, miguu ilitangulia na mwili ukabaki nyuma, nikajikuta chali juu ya theluji nikizitazama nyota za Minnesota, huku mtaimbo ukiteleza peke yake kwa mlio mwembamba hadi barabarani.

Ndani, Mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni akilia. Case Keenum alikuwa ameurusha mpira, Stefon Diggs ameruka akaudaka karibu na mstari, mlinzi aliyekuja kumwangusha amempita chini kama mtu aliyekosa basi, na Diggs akakimbia peke yake mpaka mwisho, yadi 61 kwa jumla, saa ikaishia hapo. 29 kwa 24. Wasemaji walisema kwamba haijapata kutokea katika mechi za mtoano za ligi hiyo mtu akaimaliza mechi namna ile, muda wa kawaida ukiishia mkononi mwake. Jambo hilo lilitokea mara moja tu, nami wakati huo nilikuwa nje nikipiga barafu. Nimeyaona marudio, naam, mara zisizo na idadi. Lakini marudio ni sawa na kuletewa ubwabwa wa harusi nyumbani siku ya pili, umefunikwa kwa sahani. Unashiba, lakini harusi hukuwapo.

Usiku ule ule Mzee alikuja kulipa. Nilimsikia akizibandua ngazi zangu huku akiimba, na kwa muda wa saa nzima sikumwona mtu mwenye furaha kumzidi yeye aliyeshindwa.

Ghururi ni kitu cha ajabu: humjia hata mtu ambaye ushindi haukumpitia machoni. Nilijiona nimeuelewa mchezo. Nilijiona, Mungu anisamehe, nina jicho. Mechi iliyofuata ilikuwa ya Philadelphia, na aliyeshinda ndiye angeingia fainali. Nikamwambia Mzee mbele ya mashahidi wawili, mke wangu na mke wake, kwamba safari hii mwenye kushindwa atamsafishia mwenziwe njia, ngazi na gari, kwa theluji yote itakayoanguka tangu siku hiyo hata ya mwisho wa msimu.

"Ya mwisho?" akauliza Mzee.

"Ya mwisho."

Aliinua macho akaitazama kalenda iliyotundikwa ukutani, akafunua kurasa mbili tatu za mbele, akazirudisha. Sikuuliza alikuwa akitazama nini. Laiti ningeuliza.

Mechi yenyewe sitaisimulia. Vikings ndio waliotangulia kupata, 7 kwa sifuri, nami nilimkonyeza mke wangu. Ikaisha 38 kwa 7.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 22, theluji ikaanza. Mtu wa pwani hungoja kishindo. Mvua ya kwetu hubisha kwenye bati hata aliye kiziwi akajua. Theluji haibishi. Huanguka kama sufi inayopepetwa na mtu usiyemwona, na ukimya wake ndio hila yake, maana wewe umekaa ndani ukinywa chai na kuusifu uzuri wa kazi ya Mola, kumbe nje mlango wako unajengewa ukuta. Jiji zima lilisimama. Ilipokoma usiku ilikuwa imezidi futi moja, na wenyeji walisema ni kubwa kuliko zote za miaka saba iliyopita. Walilisema hilo kwa fahari, kana kwamba wao ndio walioitengeneza.

Sasa, ewe msomaji ambaye hujapata kushika beleshi la theluji, elewa kwamba kitu kile hubadilika uzito kadiri unavyoendelea nacho. Beleshi la kwanza ni sufi. La kumi ni unga wa muhogo uliolowa. La arobaini ni saruji, na kuanzia hapo mtu huacha kuhesabu akaanza kuongea peke yake. Tena ukiisha kuisafisha njia mpaka barabarani, ukasimama unafuta jasho ambalo linaganda kwenye nyusi, hupita greda la jiji, likaisukuma theluji yote ya mtaa pembeni, na kukuwekea mlangoni boma jipya, gumu kuliko la kwanza, la kimo cha kiuno. Dereva hupunga mkono. Nami nilimpungia, kwa kuwa bado nilikuwa mgeni.

Likabaki gari. Banda la Mzee limejaa mashua pamoja na kibanda chake cha mbao, ambacho hukikokota juu ya ziwa lililoganda, akakaa ndani yake siku nzima akivua samaki kupitia tundu. Kwa hiyo gari lake hulala barabarani. Na theluji kubwa ikianguka, jiji hutangaza dharura ya siku tatu, siku hii magari yaondoke upande wa nyumba zenye namba shufwa, siku ile upande wa witiri, ili greda lipite. Na lisiloondoka huvutwa, mwenyewe akalikomboe kwa fedha. Nikaamka Jumanne kabla ya mapambazuko. Mtaani hapakuwa na magari. Palikuwa na vichuguu vyeupe vinane, vinalingana kama makaburi ya jamaa moja. Mzee alikuwa ameniambia lake ni la tatu kutoka kwenye mti.

Kosa langu lilikuwa dogo, nalo ni kwamba mtaa ule una miti miwili.

Nilichimba. Nilianza juu, nikashuka ubavuni, nikazunguka magurudumu kwa magoti, na kwa kuwa upande wa barabara sikuwa na ruhusa ya kumwaga, kila beleshi nililotoa nililirusha nyuma, juu ya kichuguu kilichofuata, ambacho kilikuwa kikikua vizuri. Ilipotimia saa nzima nilifikia mlango wa dereva, nikaufuta kwa mkono kwa taadhima, kama mtu afutaye vumbi msahafu, na chini ya glovu yangu ikatokea rangi nyekundu. Gari la Mzee ni buluu.

Nikiwa nimesimama hapo nikiitafakari rangi hiyo, alitoka katika nyumba ya tatu mwanamke aliyevaa mavazi ya wauguzi, ana haraka, beleshi mkononi na uso wa mtu ajuaye kwamba amekwisha kuchelewa kazini. Aliliona gari lake limesafishwa mpaka kioo cha nyuma. Aliniona mimi, mtu asiyemjua, nimejaa theluji hadi kwenye kope. Akaweka mkono kifuani. Alisema maneno mengi juu ya ukarimu wa watu wa Minnesota, akaniuliza nyumba yangu, akaingia garini, akaenda zake akipiga honi ya shukrani hadi kona. Nikageuka kukitazama kile kichuguu cha nyuma, ambacho kwa juhudi yangu kilikuwa sasa kimezidi vyote kwa kimo, nikakihesabu kutoka kwenye mti ule mwingine. Cha tatu.

Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi zake, kikombe cha kahawa mkononi. Kwa dalili zote alikuwa hapo muda mrefu.

"Mzee," nikamwambia, "kwa nini hukuniita?"

Akalifikiria swali. "Nilidhani ndivyo mnavyofanya kwenu," alisema. "Kuanza na la jirani."

Mwisho wa mtaa taa za greda zilikuwa zikimulika. Nilichimba upya, na kwa insafu niseme kwamba mara ya pili nilikuwa hodari zaidi, kwa kuwa theluji ile tulikwisha juana. Nilipoingia nyumbani mke wangu alinivua buti, akaniwekea miguu katika beseni la maji ya vuguvugu, asicheke. Alinisubiri nipate joto ndipo aseme. "Maalim alikuambia iwe hisani, isiwe deni. Basi lile jekundu ndilo la hisani. La Mzee ni deni."

Fainali ilichezwa Februari 4, mjini mwetu, timu yetu haimo. Mashabiki wa Philadelphia walikuja wakajaa mitaa na kulalamikia baridi ambayo mimi kwa wakati huo nilikwisha iita ya kawaida. Philadelphia wakashinda, 41 kwa 33. Mzee hakuweka bima. Alisema haina haja, yeye amekwisha kulipiwa hadi mwisho wa msimu.

Na msimu nao! Februari ikaanguka theluji, nikalipa. Machi ikaanguka, nikalipa. Ilipoingia Aprili jua likaonekana, mifereji ikaanza kuimba, nikalipaka mafuta beleshi na kulitundika bandani kwa sherehe ndogo ambayo mke wangu aliihudhuria kwa kejeli. Timu ya besiboli ya mji, Twins, ilikuwa imekwisha kuanza mechi zake za nyumbani. Hapo ndipo, Ijumaa ya tarehe 13, redio ikatangaza dhoruba. Na hadi Jumapili yake ilikuwa imeanguka theluji iliyoizidi ile ya Januari, besiboli ikaahirishwa siku tatu mfululizo, na mimi nikaikumbuka ile kalenda ya ukutani na kurasa alizokuwa akizifunua Mzee.

Jumamosi jioni alibisha hodi. Hakuja kudai, watu wale hawadai. Alikuja kunifahamisha kwamba, kwa kuchelea kunisumbua, ameliwekea gari lake alama. Nikachungulia mlangoni. Kati ya vichuguu vyote vya mtaa, kimoja kilikuwa kimechomekwa kijiti cha kuvulia samaki, na kwenye ncha yake kitambaa cha zambarau kilichokuwa kikipigwa na upepo mkali hata kikalia kama tanga la ngalawa. Nilimwuliza upepo ule unatoka wapi. Akalowesha kidole, akakiinua, akasema kaskazini-mashariki. Na mimi, nilipokuwa nikilitungua beleshi, nilimweleza mke wangu kwamba ile ndiyo kaskazi yetu hasa, kwa upande itokako, ila kwa hesabu ya Tanga ilipaswa kuwa imekwisha kuaga.